Uzi kwa wenye kuona haya: miaka 5 yangu katika klabu ya uzungumzaji

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu jamvini. Leo naanzisha uzi kwa sababu wiki iliyopita mdau mmoja aliandika kwamba amekataa kupandishwa cheo kazini, kwa kuwa cheo hicho kingemlazimu kuendesha kikao cha kila Jumatatu, na majibu mengi aliyopewa yalikuwa ya kumhimiza ajiamini. Nami niliwahi kuhimizwa hivyo na watu walionipenda kwa dhati, lakini sikusaidika hata siku moja, kwa sababu hakuna aliyenionyesha kujiamini kunaanzia wapi. Kilichonisaidia ni kazi ndogo ndogo nilizopewa katika klabu ya uzungumzaji, kazi ambazo mwanzoni nilidhani hazihusiani kabisa na kuhutubia. Nitaeleza kwa urefu na kwa vipande, na maswali nitayajibu mwishoni.

Nianze na neno lenyewe, haya. Sisi tumelelewa kuiheshimu. Kwetu Tanga mtoto asiyeona haya huwatia wazazi wake aibu, na wengi wetu tuliosoma madrasa tulifundishwa mapema kwamba haya ni sehemu ya imani. Kwa hiyo nilipokuwa kijana, kila niliponyamaza mahali nilipopaswa kusema, watu walinisifu kuwa ni mpole, mwenye adabu, asiye na makuu. Sifa hizo zilinifunika. Haya humzuia mtu asitamke la kumvunjia mwenzake heshima. Mimi kilichonizuia kilikuwa woga, yaani moyo kwenda mbio, koo kukauka, viganja kulowa jasho, na nilikuwa nimeuvalisha woga huo nguo za haya hadi mwenyewe nikashindwa kuutambua. Ni msiba ulionitenganishia mambo hayo mawili.

Baba alifariki nilipokuwa na miaka 31. Tulimzika kijijini, Muheza, na mimi ndiye mwanawe wa kwanza. Tuliporudi nyumbani kutoka makaburini, aliyekuwa akiongoza shughuli alitangaza kwamba sasa familia itatoa neno la shukrani, akanitazama. Karatasi nilikuwa nayo mfukoni, maana nilikesha nikiiandika: waliochanga, waliopika, vijana waliochimba kaburi, na jirani mmoja aliyetoa gari lake kumleta marehemu kutoka Tanga mjini bila kukubali hata fedha ya mafuta. Nilisimama, nikaifungua karatasi, kisha nikamkabidhi baba yangu mdogo, nikaketi. Aliisoma vizuri, ila mwandiko wangu ulimshinda mahali pawili, na jina la yule jirani wa gari likarukwa. Jirani hakulalamika. Mimi ndiye niliyerudi nalo Dar es Salaam, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikishtuka usiku, jina lile likiwa mdomoni.

KIPANDE CHA PILI

Aliyenipeleka klabuni ni mfanyakazi mwenzangu katika idara ya uhasibu. Yeye alikuwa mwanachama wa mojawapo ya klabu za Toastmasters, chama cha kimataifa cha kujifunza kuzungumza mbele za watu, zilizopo hapa Dar es Salaam, akaniambia niende kutazama tu, maana mgeni halazimishwi kusema neno.

Chama hiki kina historia inayoeleza mengi. Mwanzilishi wake, Ralph Smedley, alikuwa akisimamia elimu katika YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, huko Marekani, akaona kwamba vijana waliokuja pale walihitaji kufundishwa kuzungumza mbele za watu na kuendesha vikao. Alijaribu kwanza katika mji wa Bloomington, Illinois, mwaka 1905. Klabu iliyokuja kuwa chimbuko la chama cha kimataifa ilikutana kwa mara ya kwanza tarehe 22 Oktoba 1924, katika chumba cha chini cha jengo la YMCA la Santa Ana, California. Naomba mtilie maanani hilo la kuendesha vikao, kwa sababu wengi huenda wakitafuta hotuba na kudhani uongozi ni nyongeza, ilhali vyote viwili vilifungwa kitanzi kimoja tangu mwanzo.

Jioni ile ya kwanza niliketi kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilichokiona sikukitarajia. Hapakuwa na mwalimu. Walikuwepo watu wapatao 20, na karibu nusu yao walikuwa na kazi ya kufanya: mmoja aliendesha kikao, mwingine alishika saa, mwingine alihesabu kila sauti ya kujazia pengo, kama "aah" au "eeh", ambayo mzungumzaji aliitoa, mwingine alisikiliza lugha na kuandika maneno yaliyotumika vizuri na yaliyokosewa. Wazungumzaji wawili walitoa hotuba walizoziandaa. Baadaye ikaja sehemu ya maswali ya papo kwa papo, ambapo mtu huitwa, hupewa swali asilolijua, na hutakiwa kulijibu kwa dakika 1 hadi 2. Mwishoni kila hotuba ilitathminiwa na mwanachama mwenzake, mbele ya wote, kwa dakika 2 hadi 3, na mtathmini mkuu akatathmini kikao chenyewe, wakiwemo watathmini.

Nilikwenda mara tatu bila kufungua mdomo zaidi ya kutaja jina langu. Mara ya nne nikaombwa kutunza muda.

Hapa ndipo ninapotaka wenye tatizo kama langu wasome polepole. Kazi ya mtunza muda ni saa moja na kadi tatu, ya kijani, ya njano na ya nyekundu. Kwa hotuba ya kwanza ya mwanachama, ile ya kujitambulisha, kadi ya kijani huinuliwa dakika ya 4, ya njano dakika ya 5, ya nyekundu dakika ya 6. Lakini kabla ya kuanza, mtunza muda husimama na kueleza kazi yake kwa sentensi tatu au nne, na mwishoni husimama tena kusoma muda wa kila mmoja. Nilisimama. Hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Walikuwa wanazitazama kadi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilizungumza mbele ya watu 20 nikiwa na jambo wanalolihitaji, na kwamba sauti yangu ilikuwa ndogo halikumshughulisha mtu, kwa kuwa kila mmoja alitaka kujua kama amezidisha muda. Mikono ilitetemeka, kadi ya njano ikaniponyoka, nikaiokota, nikaendelea. Nilipoketi, jirani yangu alinong'ona kuuliza alikuwa ametumia dakika ngapi, nikamjibu. Nilitoka pale nikiwa mtu aliyetumika.

Nilishika saa vikao vinne mfululizo. Kisha nikapewa kuhesabu zile sauti za kujazia pengo. Kisha lugha. Kila kazi ilinisimamisha mara mbili kwa jioni moja, mwanzoni na mwishoni, na hakuna hata moja iliyonitaka nijieleze mimi ni nani. Nadhani mtu mwoga hashindwi kusema; hushindwa kutazamwa, na anapokuwa na kazi mkononi macho ya watu huhamia kwenye kazi.

Maswali ya papo kwa papo sikuyaweza haraka. Swali langu la kwanza lilikuwa chakula gani ningempikia mgeni kutoka mbali. Nilisimama kwa sekunde 40 hivi bila neno, kisha nikasema, "Wali wa nazi," nikaketi, wakapiga makofi. Yalikuwa makofi ya kweli, kwani kila aliyekuwemo ukumbini alikuwa amepita hapo hapo.

KIPANDE CHA TATU

Hotuba yangu ya kujitambulisha niliitoa mwezi wa tano. Niliiandika neno kwa neno, nikaikariri kwa wiki mbili ndani ya daladala, nikisogeza midomo bila sauti. Dakika ya 2 nilisahau aya nzima. Nilitazama karatasi, mistari ikanichezea machoni. Nikaiweka karatasi mezani, na kwa kuwa sikuwa na kingine cha kusema nikaanza kueleza baiskeli ya baba, jinsi alivyokuwa akinipeleka shule nikiwa nimekaa kwenye bomba la mbele, na jinsi kengele yake ilivyokuwa imeharibika hivyo akawa anawaonya watu njiani kwa kuwasalimia kila mmoja kwa jina. Kadi ya kijani ikainuliwa, nikashangaa kwamba dakika 4 zimekwisha.

Mtathmini wangu alikuwa mama mmoja muuguzi mstaafu. Hakunisifu ovyo. Alisema, "Kijana wangu, mwanzoni ulikuwa unasoma ukuta ulio nyuma yetu. Ulipoweka karatasi na kutuletea ile baiskeli, mikono yako ilitulia. Sijui kama mwenyewe uliona. Hotuba yako ijayo ianzie pale." Nilikuwa sijaona. Ni yeye aliyeniambia jambo juu ya mwili wangu ambalo mimi niliyekuwa ndani yake sikulijua, na tangu siku hiyo siandiki hotuba nzima, naandika mambo matatu kwenye kipande cha karatasi kisichozidi kiganja.

Miezi michache baadaye nikawa mtathmini mimi, na nasema kwa uhakika kwamba nilijifunza uongozi hapo kuliko mahali pengine popote. Kutathmini ni kumwambia mtu ukweli mbele ya wenzake, kwa dakika 3, kwa namna itakayomfanya arudi wiki ijayo akiwa bora. Katika jamii yetu jambo hili ni gumu kuliko tunavyokiri. Kwa kawaida tunamsifu mtu mbele yake na kumkosoa akishaondoka, au mkubwa anamkaripia mdogo na mdogo ananyamaza. Mara ya pili nilipotathmini nilikosea vibaya. Kijana mmoja alikuwa ametoa hotuba juu ya kilimo cha mbogamboga, nami nikaorodhesha makosa yake tisa, yote ya kweli, nikijiona mkweli na makini. Hakuonekana vikao viwili. Nikampigia simu, tukakutana kwa chai, akaniambia kwamba alikubali makosa yote tisa, lakini hakujua aanze na lipi, na alipofika nyumbani aliona ni afadhali asianze.

Tangu hapo natafuta jambo moja tu la kurekebisha, lile ambalo likirekebishwa mengine yatafuata, na natafuta mahali hasa ambapo mzungumzaji alifanya vizuri ili nimwambie arudie kwa kujua. Kumsikiliza mtu kwa namna hiyo kunachosha. Unaweka kalamu chini, unaacha kufikiria zamu yako, unamfuata neno kwa neno. Nilianza kufanya hivyo na ofisini bila kukusudia. Msimamizi wangu aliyekuwa akinipita kama hanioni alianza kuniuliza maoni baada ya vikao, kwa sababu nilikuwa naweza kumkumbusha nani alisema nini na wapi mjadala ulipopotea.

Mwaka wa tatu nilichaguliwa makamu wa rais wa klabu anayeshughulikia elimu. Jina ni kubwa, kazi yenyewe ni kujaza ratiba. Kila wiki unahitaji watu wapatao kumi wa majukumu mbalimbali, hakuna anayelipwa, hakuna unayeweza kumpa onyo, na saa 10 jioni simu inaita: mzungumzaji wa kwanza amekwama kwenye foleni Mwenge, mtathmini mkuu mtoto wake ana homa. Ukiwa bosi kazini unaweza kuamini kwamba watu wanakufuata kwa kuwa wanakuheshimu. Katika klabu ya kujitolea utajua kwa hakika. Nilijifunza kumpigia mtu siku tatu kabla badala ya kumtumia ujumbe kwenye kundi la WhatsApp ambao kila mmoja atadhani ni wa mwenzake. Nilijifunza kumwomba mtu kazi kwa kumweleza kwa nini nimemfikiria yeye. Na nilijifunza kuwatafuta wale wanaoketi karibu na mlango, maana kiti kile nakijua.

KIPANDE CHA NNE: LUGHA

Klabu yetu inaendeshwa kwa Kiingereza, nami sina ugomvi na hilo, kwa kuwa ofisi nyingi za mjini zinataka Kiingereza. Lakini nilikuja kugundua kwamba sehemu kubwa ya woga wangu ulikuwa woga wa sarufi. Sisi tuliosoma sekondari za Tanzania tumesimamishwa kwenye midahalo ya Kiingereza tukiwa hatujakimudu, tukachekwa, na wengine wetu tukachukua uamuzi wa kimyakimya wa kutosimama tena mbele za watu kwa lugha yoyote.

Ndiyo maana mwaka juzi, kwa kushirikiana na wenzangu wawili, tulianzisha kikundi cha Kiswahili huko Mbagala. Si klabu iliyosajiliwa, kwani usajili wa klabu mpya ya Toastmasters huhitaji wanachama 20 na sisi tuko 14. Tunakutana Jumamosi katika darasa la chekechea, watu wazima tumekalia viti vya watoto, na tumechukua utaratibu ule ule wa kadi, zamu na tathmini. Wamo madereva wa bodaboda wawili, mama lishe, fundi cherehani, mwalimu, na wanachama watatu wa kikoba waliochoka kuona mwenyekiti wao ndiye pekee anayesema.

Kiswahili kilituletea mambo yake. Anayehesabu sauti za kujazia pengo tunamwita mhesabu yaani, kwa sababu siku ya kwanza fundi cherehani alitamka "yaani" mara 31 ndani ya dakika 5, na alipoambiwa hakuamini hadi alipooneshwa vistari kwenye karatasi. Jambo la pili ni itifaki. Mswahili akisimama huanza kumshukuru Mungu, kisha mgeni rasmi, kisha meza kuu, kisha wazee, kina mama, vijana, na akifika kwenye kusema kwamba itifaki imezingatiwa, kadi ya njano imeshainuliwa. Tulijadiliana kwa muda mrefu. Wengine walitaka salamu zifutwe, mimi nikapinga, maana salamu ndiyo inayomfungulia mzungumzaji wetu mlango. Tulikubaliana kwamba salamu ni nusu dakika, na ndani yake ataje mtu mmoja kwa jina na sababu ya kumtaja. Salamu zetu zimekuwa nzuri tangu hapo.

Wala tusidhani kwamba sanaa hii tumeletewa. Tunalo neno mlumbi kwa mtu mwenye ufundi wa kuzungumza, na ulumbi unasomwa kama sehemu ya fasihi simulizi. Bibi Titi Mohamed, kabla ya kuongoza kitengo cha wanawake cha TANU mwaka 1955, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha hapa hapa Dar es Salaam kilichoitwa Bomba. Kila ninapowafikiria wale wanawake waliomfuata kwenye mikutano, naona kwamba sauti ile ilikuwa imekwisha kupata mahali pa kukomaa, mbele ya watu waliomjua, wiki baada ya wiki. Kikundi cha ngoma kilimfanyia kazi hiyo. Vijana wetu wengi leo hawana mahali pa namna hiyo.

Mwezi wa nane nilikuwa Muheza kwenye hitima ya bibi yetu. Nilitoa neno la shukrani kwa dakika 3, nikiwa na kipande cha karatasi kiganjani. Jirani wa gari alikuwepo, sasa anatembea kwa mkongojo. Nilimtaja kwa jina, nikaeleza alilotufanyia wakati wa msiba wa baba. Baada ya chakula alinishika mkono akanikalisha karibu naye, tukazungumza juu ya bei ya machungwa.

MAJIBU KWA MASWALI

Dada aliyeuliza kama wanawake husikilizwa: katika klabu ninazozijua, ndiyo, na mtathmini aliyenijenga ni mama. Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Chama kilifungua milango rasmi kwa wanawake mwaka 1973. Kabla ya hapo, mwaka 1970, Helen Blanchard aliandikishwa kwa jina la kiume, Homer, ili aweze kuingia. Mwaka 1985 akawa rais wa kwanza mwanamke wa chama kizima. Nenda, na uketi mbele.

Ndugu mwenye kigugumizi: sitakudanganya kwamba kitaisha. Mohammed Qahtani wa Saudi Arabia, aliyekuwa na kigugumizi tangu utotoni, alishinda ubingwa wa dunia wa hotuba wa Toastmasters mwaka 2015. Kwenye kikundi chetu yupo dereva wa bodaboda mwenye hali hiyo. Tulimuuliza mwenyewe anataka tufanyeje akikwama, akasema tusimmalizie neno. Basi tunasubiri, na mtunza muda humwongezea dakika moja bila kutangaza.

Kuhusu gharama: mgeni haingii kwa malipo katika klabu nilizozitembelea. Mwanachama hulipa ada ya kimataifa ya dola 60 kila miezi 6, pamoja na dola 20 za kuandikishwa mara ya kwanza, na klabu yaweza kuongeza kidogo ya ukumbi. Kwa wengi ni fedha nyingi. Kikundi kama chetu hakihitaji zaidi ya saa, kadi tatu na chumba.

Na mdau uliyekataa cheo: kama nafasi bado haijapewa mtu, usirudi kwa meneja wako kumwambia kwamba umebadili mawazo. Mwombe kwanza akuruhusu kutunza muda na kuandika maazimio katika kikao cha Jumatatu kwa mwezi mmoja, na kuyasoma kwa sauti mwishoni, umesimama. Yawe mistari mitatu tu: nini kimeamuliwa, nani atafanya, lini. Kisha urudi hapa kwenye uzi huu utueleze Jumatatu ya kwanza ilikwendaje, hata kama karatasi ilitetemeka.